Mafiga Yaliyokosa Moto

Kambini, nyikani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Nakusalimu huku mikono yangu ina masizi, kwa hiyo ukiona alama nyeusi pembeni mwa karatasi usidhani nimeacha adabu. Umeamkaje na mtoto? Ananyonya vizuri? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia? Sisi huku tupo. Sijaandika kwamba hatujambo, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoniagiza Baba: "Waandikie hatujambo, wape salamu, basi."

Ombeni mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma, na nakujua ulivyo. Usiruke maneno marefu. Tena barua hii msomee Mama jikoni, Baba akiwa amelala au ameenda kuangalia migomba. Wageni wakiingia, ikunje uanze kuimba wimbo wa shule kama kawaida yako. Nilifikiri kuiandika kwa Kiingereza ili Baba asiielewe hata akiifungua, lakini huko kwetu Mhezi anayejua Kiingereza ni Mwalimu peke yake, na mke wa Mwalimu angeyajua yote kabla yako Mama. Basi naandika Kiswahili, na bahasha nitaibandika kwa ugali.

Mama, unanijua. Mimi nikiulizwa jambo mbele ya watu naangalia vidole vya miguu. Hata darasani jibu ninalo, lakini linakaa kooni mpaka mwenzangu anasema, nami naumia moyoni. Kwenye karatasi ndiko ninakoweza kusema. Basi leo nasema.

Tulipofika Same kupanda lori, tulimkuta Saidi dereva amechuchumaa kivulini anachovya kijiti kwenye tangi la petroli. Mwaka jana hakuwa na kijiti. Mwaka jana aliliacha lori linanguruma huku anakunywa chai na kutaniana na kina mama. Safari hii alikitoa kile kijiti, akakitazama palipolowa, akakipangusa kwenye suruali kana kwamba hata hilo tone asingetaka lipotee. Akamwambia Baba, "Mzee, bei imepanda tena. Na hiyo yenyewe mpaka kibali cha boma. Vita vyao wanapigana huko kwao, petroli inakauka huku kwetu."

Baba alicheka akasema, "Sisi tumeshalipa. Twende."

Tulikuwa nyumba tatu tu, Mama. Sisi wanne, yaani Baba, Bibi, Kiure mdogo wangu na mimi, kisha Mzee Sempombe na mkewe, na Mama Eliasi na watoto wake. Unakumbuka miaka mingine, malori mawili, watu wamekaa juu ya magunia, vyungu vinagongana, na nyimbo tangu Same mpaka kambini kwenye mashamba yetu ya mahindi. Safari hii kila mtu alikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu, na hakuna aliyeifurahia. Saidi alizima injini kila penye mteremko. Lori lilishuka lenyewe, kimya, tunasikia upepo tu na mbuzi wa Mama Eliasi akilia. Kiure aliniuliza, "Dada, limekufa?" Nikamwambia halijafa, linapumzika. Lakini nami nilikuwa nimeshika ubao wa pembeni mpaka vidole vikauma.

Tulipovuka kwa taabu lile korongo la mwisho kabla ya kambi, Saidi alishuka akalitazama sana. Mvua zimelichimba. Miaka yote tukifika, Mzee Kangero anapuliza baragumu, watu wote wanatoka kwa msaragambo, kazi ya wote kwa pamoja, wanajaza mawe na matawi, asubuhi moja kazi imekwisha na njia ya lori ipo. Saidi akamwambia Baba, "Mlijaze hili kabla sijarudi kuwachukua. Nikikuta liko hivi, nageuza. Zamani ningezunguka kule kwenye miiba. Sasa nikizunguka, petroli ya kunirudisha Same sina."

Baba akasema, "Tutalijaza."

Mama Eliasi akauliza, "Tutalijaza na nani, baba Nakundwa? Na huyu mbuzi?"

Watu walicheka. Baba hakucheka.

Mama, hili la kwa nini tulikuja nyumba tatu unalijua, ulikuwepo na tumbo lako siku ile pale kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Mzee Kangero alisema nauli imeshinda watu, basi twende wote kwa miguu kama zamani, au tukae wote. Alisema kambi si ya mtu mmoja. Na Baba akamjibu mbele ya watu, "Anayeogopa nauli abaki achume majani ya ndizi. Mimi sibebi gunia mgongoni kama punda wakati lori lipo." Nilikuwa nimekinga mtungi kwenye mfereji, na mtungi ukafurika kwa sababu nilishindwa kuinua kichwa. Mzee Kangero alilifunga baragumu lake ndani ya shuka akaondoka bila kuaga. Baba anadhani watu wamesahau. Mimi sidhani.

Sasa nikueleze kambi ilivyo mwaka huu.

Unajua tunavyokaa kwa duara, kila nyumba na kibanda chake na mafiga yake matatu mlangoni, mahali palepale alipokaa babu wa kila mtu. Tulikuta vibanda vya wenzetu vimeinama, vingine vimeliwa na mchwa, na mafiga yao yamekaa tu na majivu ya mwaka jana. Mama Eliasi alisema tusogee pamoja, nyumba tatu tukae bega kwa bega upande mmoja. Bibi akakataa. Akasema mtu halali penye mafiga ya mwenziwe, wala hakoki moto hapo bila mwenyewe kumruhusu, kwa maana huko ni kumzika akiwa hai. Mzee Sempombe naye, unajua hasikii vizuri, akadhani anaulizwa kama anataka kuhama, akasema kwa sauti kubwa, "Sihami. Baba yangu alikaa hapa." Ikawa basi. Sisi tukakaa upande wetu wa mashariki, Mzee Sempombe kule mbali magharibi, Mama Eliasi karibu na njia ya maji, na katikati yetu kote giza.

Jioni Bibi akaanzisha mwito wa moto kama desturi. Akasimama mlangoni akaita, "Kwetu upo. Kwako?" Miaka mingine moto unaitikiwa nyumba kwa nyumba, "Kwetu upo, kwako?" mpaka sauti inazunguka duara lote inarudi kwa Bibi, na watoto wanacheka kwa sababu kila mtu anaiga sauti ya jirani yake. Safari hii Bibi aliita, na jirani yetu wa kwanza ni kwa Mzee Kangero. Hakuna mtu. Tulisikiliza. Bibi naye alisubiri kana kwamba mtu angetoka pale. Halafu kwa mbali Mama Eliasi akaitikia, na baada ya muda mrefu Mzee Sempombe, ambaye alikuwa anangoja mkewe amguse bega. Kiure alisema, "Sauti imepotea njia." Bibi akamkemea.

Taa hatuwashi. Mafuta ya taa nayo yamepanda kama petroli, na tumekuja na chupa moja tu kwa nyumba zote tatu. Bibi ameifukia mchangani karibu na kichwa chake ili isimwagike au isiibiwe, sijui lipi.

Katika siku zile za mwanzo alipita yule mfugaji wa Kimaasai anayeitwa Lemomo, anayetuuzia maziwa kila mwaka. Alisimama kwa mguu mmoja akazungusha macho kambini. Akasema, "Wengine wako wapi?"

Baba akamjibu kwamba wanakuja.

Lemomo akasema, "Waje upesi. Simba anajua kuhesabu moto."

Baba akamwambia, "Na wewe unajua kutisha watu ili tununue maziwa." Wakacheka wote wawili. Lakini Lemomo alipoondoka alipitisha ng'ombe wake mbali na kambi, njia ambayo si yake.

Mbuzi wa Mama Eliasi alichukuliwa jioni, giza halijashika vizuri. Hatukusikia kelele. Kamba ilibaki imekatika, na damu kidogo kwenye majani, na njia ya kuburuzwa ilipita katikati ya vibanda vitupu. Asubuhi Mama Eliasi alifunga vitu vyake, akamwita Lemomo ampe punda, akamwambia Baba, "Shemeji, wewe ulikataa kuwa punda. Mimi nawafuata punda mpaka kwenye reli. Ukilisikia lori lako nisalimie." Watoto wake walikuwa wanalia kwa ajili ya mbuzi. Alinishika kidevu akaniambia, "Nakundwa, sema na baba yako. Wewe umesoma." Nikaangalia vidole vya miguu.

Tukabaki nyumba mbili.

Kisha Kiure akaanza homa. Ile homa ya huku chini unayoijua, inayotupata sisi watu wa juu tukilala nyikani. Kwanza alitetemeka kwenye jua kali, Bibi akamfunika magunia. Halafu akawa moto, akawa anaongea na watu. Mama, alikuita. Alisema umesimama mlangoni umebeba kuni. Tulimpa maji ya mwarobaini, tukampa makande akayatapika. Baba alikuwa anasema kila asubuhi, "Lori linakuja wiki hii. Litampeleka kwa daktari Same." Alikuwa anaenda korongoni, yeye na mke wa Mzee Sempombe tu, wanabeba mawe. Nami nilikwenda nilipopata nafasi. Tunatupa jiwe, korongo linalimeza. Unajua jiwe likianguka mahali pasipo na mwisho linavyolia? Mzee Sempombe mwenyewe alikuwa anakaa ukingoni anatuhimiza kwa wimbo wa msaragambo, lakini wimbo ule unataka watu mia waitikie, na tulikuwa watatu.

Ikafika siku ya lori. Bibi alifunga vyungu. Nilimvalisha Kiure shati lake la kanisani. Tulikaa tunasikiliza. Na kweli, Mama, tulilisikia. Mngurumo mdogo kule ng'ambo ya korongo, Baba akasimama akaniambia, "Unaona?" Uso wake ulikuwa kama wa siku ya sikukuu.

Halafu mngurumo ukakatika.

Baba akasema, "Amezima kwenye mteremko. Anabana petroli." Tukangoja lifike chini. Tukangoja. Ndege walirudi kuimba. Baba akaanza kutembea, halafu akakimbia, sijawahi kumwona Baba akikimbia. Alirudi jua limelala, anatembea polepole kama mtu anayetoka kuzika. Lemomo alikuwa naye. Lemomo ndiye aliyeona: Saidi alishuka, akalitazama korongo, akatoa kijiti chake akachovya kwenye tangi, akatikisa kichwa. Akamwambia Lemomo, "Waambie nikishuka humu sitapanda. Wanisamehe." Akageuza.

Bibi alifungua vyungu akaanza kupika.

Tangu hapo Baba hanitazami machoni. Nadhani ananiogopa, Mama, kwa jinsi ninavyonyamaza. Ningependa kumwambia kwamba simlaumu, lakini si kweli kabisa. Namlaumu kidogo. Halafu usiku namsikia akimpepea Kiure mpaka asubuhi, basi najilaumu mimi.

Sasa sikiliza Mama, hapa ndipo penyewe. Ombeni, soma taratibu.

Kesho alfajiri Baba atambeba Kiure mgongoni, na barua hii mfukoni, apande naye mpaka nyumbani, ampeleke zahanati ya misheni. Bibi hawezi kupanda mlima na mguu wake, na hawezi kuachwa. Baba alitaka nami niende. Bibi alisema, "Nenda naye. Mimi nimeshakula chumvi yangu." Nami, kwa mara ya kwanza, nilisema mbele ya wakubwa. Nilisema, "Mtu mmoja hajiitikii mwenyewe." Ilitoka kwa sauti ndogo, Mzee Sempombe akauliza, "Kasema nini?" lakini Baba alisikia. Nimebaki.

Kwa hiyo ukiwa unasomewa haya, Kiure amefika. Mtazame. Mguse paji la uso kwa ajili yangu.

Baba hatakuambia haya. Atasema tuko salama na mahindi yamezaa sana. Mahindi yamezaa kweli, hapo hatadanganya mtu. Atasema atarudi Same kutafuta lori jingine. Mama, hakuna lori jingine. Wenye malori wote wana kijiti. Akienda kuhangaika Same, atazunguka huko mpaka sisi huku tuishe.

Juzi asubuhi nilikwenda kuchota maji nikapita kwa Mzee Kangero. Majivu ya mafiga yake yalikuwa yamebonyea. Simba alilala pale, Mama. Katikati ya mafiga matatu, kama mwenye nyumba. Kichwa chake kilielekea mlango wetu, niliona miguu ya mbele ilipokaa. Sikumwambia Bibi. Nimekuambia wewe tu.

Nilimwomba Bibi niwashe moto pale, angalau pale na kwa Mama Eliasi, ili giza lipungue. Akakataa. Nikamwambia Mama Eliasi ameondoka, hatajali. Akasema, "Kuondoka si kuruhusu." Nikakasirika, nikaenda nje nikalia. Halafu jioni Bibi alipoita "Kwetu upo, kwako?" na kukawa kimya kule kwa Kangero, mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikaitikia kwa sauti nzito kama ya Mzee Kangero, na kile kikohozi chake cha mwanzo, "Kwetu upo. Kwako?" Nilidhani Bibi atanipiga. Badala yake akasema, "Sauti haina mafiga." Basi nikaendelea. Nikawa mke wa Kangero, nikawa wale mapacha wa kwa Mndeme wanaosema pamoja, nikawa Mama Eliasi akimtukana mbuzi. Nikakimbia kibanda hadi kibanda nikiita, mimi ninayeshindwa kusema "nipo" darasani. Kiure alicheka katika homa yake. Na kule gizani upande wa korongo, kitu kilichokuwa kinakanyaga majani makavu kikasimama.

Nimeita kila jioni tangu hapo. Lakini sauti yangu imeanza kukauka, na sauti haina moshi. Jana kilichosimama kilisimama muda mfupi tu, kisha kikaendelea kukanyaga.

Basi ninachokuomba. Nenda kwa Mzee Kangero. Usimtume Ombeni wala usimtume Baba kwanza. Nenda wewe, na mtoto mgongoni, ili akuone. Mwambie maneno ya pale kwenye ndiva hayakuwa ya nyumba yetu yote. Mwambie Nakundwa binti yako ameomba apulize baragumu la msaragambo, watu washuke kwa miguu, wote, walijaze korongo, wakae kwenye mafiga yao, wavune nasi. Mahindi yatawatosha watakaokuja, Bibi amekubali hilo, nimemuuliza. Na kama hatashuka, kama bado moyo wake una kidonda, basi ampe mtu ruhusa yake. Neno tu. Kwamba mjukuu wa fulani awashe moto katika mafiga yake. Likifika hilo neno Bibi atanikubalia, nami nitakuwa na moto wa pili. Mwache Baba akuone ukienda. Nadhani akikuona unakwenda na mtoto mchanga, atakufuata. Simjui mtu yeyote anayekimbia kama alivyokimbia siku ile akashindwa kutembea mpaka kwa jirani.

Ukitoka nje jioni, wakati ng'ombe wanarudi, tazama huku chini. Mimi mchana naiona Shengena na mawingu yake, najua wewe uko ubavuni pale. Labda kukiwa na giza zuri utaona moto wetu. Ni miwili sasa, mmoja mashariki na mmoja magharibi, mbali na mwenziwe. Ukiona mmoja tu, usingoje kupambazuke. Wewe mwenyewe uende ukalichukue lile baragumu popote lilipofungwa.

Mtoto msimpe jina bado. Bibi anasema jina analo, atakuja nalo mwenyewe. Nimemuuliza ni lipi ili niandike hapa lisipotee, akakataa. Kasema jina haliandikwi kana kwamba mwenye kulisema hatarudi.

Nisalimie shangazi anayesuka mikeka, mwambie ule mkeka alionipa ndio anaolalia Kiure. Msalimie mjomba wa kule Myamba siku ya soko, na mke wa Mwalimu pia, lakini kwa maneno machache. Msalimie Mwalimu, mwambie nikirudi nitasimama nijibu. Msalimie mke wa Mzee Kangero, umwombe radhi, kwa kuwa nimemwiga sauti bila ruhusa. Na Ombeni, nakuachia kitabu changu cha hesabu. Usikichore.

Bibi ananiita, jua limegusa miti. Baba amekaa anamfunga Kiure kwenye shuka ajaribu uzito wake. Naibandika sasa.

Kwetu upo, Mama. Kwako?

Mwanao,
Nakundwa